Gari Hili ni la Nani? Kisa cha Fielder Barabara ya Ngong

Shemeji yangu aliponipigia simu, tayari alikuwa ameshatuma 20,000. Ilikuwa Jumatano jioni, mwanzoni mwa Novemba 2025. Amepata gari, akaniambia, Toyota Fielder ya 2015, rangi ya fedha, kwenye yadi moja kando ya Barabara ya Ngong. Bei ilikuwa 1,420,000, lakini kijana wa mauzo alimhurumia kwa kuwa ni mwalimu, akamshushia hadi 1,400,000. "Hapo nimefika kwenye mfupa, mwalimu," ndivyo alivyoambiwa. Zile 20,000 alizituma kwa M-Pesa ili gari lisichukuliwe na mteja mwingine ambaye eti alikuwa njiani kutoka Thika. Alichotaka kwangu ni nimsindikize Jumamosi akamalizie malipo.

Alinitafuta mimi kwa sababu niliwahi kuwa karani wa hesabu katika yadi ya magari kwa miaka minne. Kabla ya kukata simu nilimuuliza maswali mawili. La kwanza: "Shemeji, wanajua una pesa ngapi?" Akanyamaza kidogo. Alikuwa amewaambia kwamba sako, chama chao cha akiba na mikopo, imempa mkopo wa milioni moja na laki nne, na kwamba pesa zimeshaingia kwenye akaunti. Penye kuku wengi usimwage mtama. Yeye aliumwaga wote, kisha akashukuru kupewa bei ya mwisho inayolingana na mfuko wake hadi shilingi.

La pili lilimchanganya: "Hilo gari ni la nani?"

"Si la yadi?"

"Umeona wapi?"

Magari yaliyopangwa kwenye yadi ya Nairobi, yote yameoshwa na yote yamebandikwa bei kwenye kioo, si mali ya mtu mmoja. Mengine yadi imeyaagiza yenyewe kutoka Japani kwa pesa zake au za benki, na mara nyingi hayo hayajapata hata namba za Kenya. Mengine imeyanunua papa hapa mjini, au imeyapokea kutoka kwa mteja aliyeacha la zamani akaongeza pesa na kuchukua jingine. Na mengine ni ya watu. Mwenye gari analileta, anataja kiasi anachotaka kutia mfukoni, na yadi inaweka chake juu.

Mnunuzi akitembea katikati ya safu hizo haoni tofauti yoyote, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayoamua maongezi yatakwendaje. Gari la yadi, bosi anaweza kulishusha hadi anapotaka, hata chini ya alivyolinunua, akiwa amechoka kulipia riba. Gari la mtu lina bei mbili ndani ya bei moja. Kijana wa mauzo ana uhuru wa kupunguza sehemu ya yadi peke yake. Ile ya mwenyewe hawezi kuigusa bila kupiga simu. Ndiyo maana utamwona anainuka, anatoka nje na simu sikioni, kisha anarudi baada ya dakika kumi na kusema "mkubwa amekubali". Wewe unadhani mkubwa ni mwenye yadi.

Swali hili lina uzito kwangu kwa sababu ya mama mmoja. Katika yadi niliyofanyia kazi kulikuwa na benchi la mbao karibu na mlango wa ofisi. Kila Jumatatu, kwa muda wa miezi karibu mitatu, mama huyo alikuwa anakuja kukaa hapo. Tulikuwa tumeuza gari lake. Pesa ziliingia kwenye akaunti ya yadi, mimi mwenyewe niliziandika kitabuni, na siku iyo hiyo zikatoka kwenda Mombasa kulipia ushuru wa magari mengine yaliyokuwa bandarini. Akiuliza, anaambiwa benki imechelewesha. Aliyelinunua naye alikuja siku zake, akidai logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kwa sababu mama alikataa kufungua uhamisho wa jina kabla ya kuona pesa yake, na haki ilikuwa upande wake. Watu wawili wasio na kosa, kila mmoja akimwona mwenzake mwizi, na hawakuwa wamewahi hata kukutana. Mwaka uliofuata niliacha ile kazi.

Alhamisi tuliomba rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inagharimu shilingi 550 na unachohitaji ni namba ya usajili. Majibu yalikuja palepale: mmiliki ni mtu binafsi, hakuna benki wala mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye, na gari lilisajiliwa nchini 2022. Mwaka huo ulikubaliana na kanuni, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na 2022 ndio uliokuwa mwaka wa mwisho kwa magari ya 2015.

Jina la mtu binafsi peke yake halithibitishi kwamba gari limeletwa liuzwe kwa niaba. Zipo yadi zinazonunua gari na kulikalia bila kuhamisha jina, ili kuepuka gharama ya uhamisho. Lakini sasa tulikuwa na la kuuliza.

Nilimwambia pia jambo ambalo hakulipenda: zile 20,000 azihesabu kama zimepotea. Risiti aliyotumiwa ilisema "malipo ya awali" na basi; haikusema zitarudishwa wala hazitarudishwa. Tungeweza kuzidai baadaye. Ila mtu akiingia yadi akiwaza jinsi ya kuokoa 20,000 zake, atakubali kuongeza laki moja ili asizipoteze. Arubuni hulipwa kwa ajili hiyo hasa.

Jumamosi tulifika saa mbili kasoro robo, kabla injini hazijawashwa, pamoja na fundi anayetutengenezea magari mtaani. Aliweka kiganja juu ya boneti ili ajue kama injini imepashwa moto mapema kuficha kelele za asubuhi. Ilikuwa baridi. Akafungua, nami nikasogea nione.

Yadi ile iko chini ya mijakaranda, na Novemba unajua ilivyo. Vijana huosha magari kila asubuhi, kwa hiyo juu ya bati hakukuwa na ua hata moja. Lakini pale chini ya waipa, kwenye mfereji kati ya kioo na boneti ambao kitambaa hakifiki, maua yalikuwa yamejipanga kwa tabaka. Ya juu yalikuwa bado ya zambarau na laini. Chini yake yalikuwa ya hudhurungi, yamekauka. Chini kabisa yalikuwa yamegeuka tope jeusi linalonata kidoleni. Gari lilikuwa limesimama mahali pale tangu mti ulipoanza kuchanua. Sikusema kitu. Nilipangusa kidole na kumwacha fundi aendelee.

Alikuta boliti mbili za madigadi ya kushoto zimechubuka rangi kwenye kona, kule spana inakoshika, wakati zile za kulia zilikuwa na rangi ya kiwandani bila alama. Kwa hiyo madigadi ya kushoto yaliwahi kufunguliwa. Chesisi ilikuwa nzima na imenyooka, kwa hiyo halikuwa jambo la kutukimbiza. Kijana wa mauzo alikuwa amemwambia shemeji kwamba gari halijawahi kuguswa, na sasa sote tulijua hilo si kweli.

Saa ya kilomita haikuwa na tatizo. Ilisoma 96,000, kadi ya oili iliyofungwa kwa waya karibu na injini ilitaka ibadilishwe ifikapo 99,000, na nakala ya cheti cha Japani kilichokuja na gari ilionyesha 71,000. Kilomita 25,000 kwa miaka mitatu ni gari la mtu wa kwenda kazini na kurudi, halikufanya kazi ya teksi.

Fundi aliandika orodha yake nyuma ya risiti: shoki za mbele zinavuja, mauntini moja ya injini imechoka, oili ya giaboksi imebadilika rangi na haina kumbukumbu ya kubadilishwa, na tairi nne zote zinaonekana nene lakini zimezeeka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara, mbili za wiki na mbili za mwaka. Hizi zilisema 1816, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2016. Zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa, na mpira wake ulikuwa na nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Tukapiga simu kwenye duka la vipuri la Kirinyaga Road, wakatutumia bei kwa maandishi. Jumla pamoja na ufundi: 78,000.

Tulipoketi ofisini, kijana wa mauzo akauliza, "Haya mwalimu, tumalize?"

Nilisema tuna swali moja. "Tukilipa leo, nani atafungua uhamisho kwenye mfumo?"

"Ofisi itashughulikia, madam."

"Ofisi haiwezi. Jina lililo kwenye logibuku si la ofisi."

Akamtazama shemeji, kisha simu yake. "Ngoja nimuite mzee."

Mwenye yadi alikuja bila hasira, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema wazi kwamba gari ni la mteja wao, amewaachia wamuuzie. Nikamuuliza limekaa tangu lini. "Wiki mbili hivi." Nikamweleza, kwa adabu, habari ya maua chini ya waipa. Akatabasamu, akavua miwani. "Septemba mwishoni," akasema.

Kuuza gari la mtu mwingine si kosa, mradi mwenyewe ameruhusu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza, na ruhusa ya mwenyewe inatosha. Kosa ni kumficha mnunuzi, kwa sababu mnunuzi asiyejua anamlipa mtu ambaye hana uwezo wa kumpa umiliki.

Mzee alikuwa na hoja moja nzuri. Fielder za 2015 haziingii tena nchini, na Januari hata za 2018 zitafungiwa nje, kwa hiyo bei zitapanda. Ni kweli kwamba kila Januari mwaka mmoja unaanguka kwenye orodha. Ni kweli pia kwamba gari linaloingia sasa linabeba kodi nzito: asilimia 35 ya ushuru wa forodha, juu yake asilimia 20 ya ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 1500, juu ya yote VAT ya asilimia 16. Ukizidisha moja juu ya nyingine, kodi hizo tatu peke yake zinakaribia asilimia 88 ya thamani ambayo KRA, mamlaka ya mapato, imelipangia gari, na thamani hiyo KRA huitoa kwenye orodha yake yenyewe bila kujali ulinunua Japani kwa ngapi. Hayo yote yanazuia bei za magari yaliyo nchini zisianguke. Lakini yanalihusu kila gari la aina hiyo mjini. Shemeji alikuwa ameshinda Ijumaa nzima akitafuta, akapata Fielder tano za mwaka ule ule zinazouzwa kati ya 1,280,000 na 1,380,000, zote zikiwa bei za kuanzia maongezi. Januari ilikuwa inazikaribia zote vilevile.

Tukaweka karatasi ya fundi mezani. Katikati ya zile tano ni kama 1,320,000. Ukiondoa matengenezo ya 78,000 unabaki na 1,242,000. Tukatoa 1,220,000 ili tuwe na pa kupandia. Mzee akasema 1,370,000 na kwamba mwenyewe hawezi kushuka zaidi.

"Basi mtumie karatasi hii aisome mwenyewe," nikamwambia.

Naamini hapo ndipo kisa kilipogeuka. Kwa wiki sita mwenye gari alikuwa akisikia habari za wanunuzi kutoka kwa yadi tu, na yadi humwambia "watu wanatoa bei ya chini" bila kumwambia kwa nini. Mzee aliipiga picha karatasi na kumtumia kwa WhatsApp. Jibu halikuja, tukaaga na kuondoka.

Kwenye matatu shemeji alikuwa hana raha kabisa. Litachukuliwa, alisema mara tatu. Tukafanya hesabu ya kungoja. Mkopo wake unatozwa asilimia 1 kwa mwezi, na kwa 1,400,000 hiyo ni 14,000 kwa mwezi, kama 3,500 kwa wiki. Tulikuwa tunabishania 150,000. Angeweza kungoja wiki kadhaa bila kuumia, wakati mwenye gari alikuwa na chuma kinachozeeka chini ya mti.

Akaja na wazo ambalo najua wengi wangelikimbilia: jina la mwenye gari tunalo kwenye rekodi, kwa nini tusimtafute tumalizane naye bila yadi? Nilikataa. Yadi imelipia kiwanja, imelinda gari, imeliosha kila siku, na ndiyo iliyomkutanisha na shemeji. Jasho hilo lina haki yake. Na ukimzunguka mzee leo, kesho gari likiwa na kesi hutakuwa na shahidi.

Jumanne mzee alipiga simu mwenyewe: 1,320,000. Shemeji alijibu kama tulivyokubaliana, polepole, bila kueleza sana. "Mzee, nashukuru. Nina 1,260,000 pamoja na ile 20,000, na nitalipa wiki hii." Alhamisi asubuhi wakakutana kwenye 1,285,000, zile 20,000 zikiwa ndani yake.

Sharti letu lilikuwa moja: sote wanne tukutane benki Ijumaa. Mwenye gari alikuja na kitambulisho, cheti cha PIN ya kodi na logibuku. Alikuwa kijana aliyepata uhamisho wa kikazi kwenda Kisumu na anataka kuondoka kabla ya mwezi kuisha. Habari ya madigadi alitueleza bila kuulizwa. Matatu ilimkwaruza pale Adams mwaka uliopita, akabadilisha. Alikuwa ameiambia yadi anataka 1,250,000, na baada ya kusoma orodha ya fundi akakubali 1,210,000. Yadi ilibaki na 75,000. Kama shemeji angemalizia ile Jumamosi kwa 1,400,000, yadi ingechukua 150,000 na mwenye gari asingejua.

Makubaliano yalikuwa na majina, namba za vitambulisho, namba ya chesisi na ya injini, pamoja na tarehe na saa ya kukabidhi gari, ili kosa lolote la barabarani kabla ya saa hiyo liwe la mwenye gari wa awali. Mwenye gari alifungua uhamisho kwenye simu yake, shemeji akapata ujumbe na kuukubali kwenye yake, sisi tukiangalia. Kisha malipo yakatoka mawili: 1,210,000 moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye logibuku, na 55,000 kwenye akaunti ya yadi. Karani wa benki alituuliza kwa nini tusilipe mara moja. Nilimkumbuka mama wa benchi.

Je, 1,285,000 ni bei ya haki? Nafikiri labda tungefika 1,265,000 kwa kungoja wiki nyingine. Lakini kijana wa Kisumu hakudhulumiwa, na 75,000 kwa wiki sita za kiwanja, askari na mishahara si pesa ya mtu kulalamikiwa. Shemeji alibaki na 115,000, akatengeneza gari kwa 78,000, na 37,000 zikaenda kwenye bima na uhamisho.

Kuna kitu tulichokikosa, na hicho nakibeba mimi. Gari tulilijaribu kwenye lami tu, kutoka yadi hadi Dagoretti Corner na kurudi. Wiki mbili baadaye shemeji alianza kusikia kugonga kwenye usukani kila akiingia kwenye barabara ya vumbi inayokwenda nyumbani kwake. Fundi aliinua gari, akakuta reki ya usukani ina mchezo upande wa kulia. Ilimgharimu 16,000. Nyuma ya ile yadi kulikuwa na njia ya mawe ya mita mia mbili, na tuliipita kwa miguu tukienda kupanda matatu.